Katikati Pamefifia, Pembeni Bado Panaona

Maswali ya wasomaji kuhusu wazee walioambiwa wana ugonjwa wa makula

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa watoto na wajukuu. Mzee amekwenda hospitali akidhani anahitaji miwani mipya, akarudi na jina ambalo nyumbani hawakuwahi kulisikia: kuzorota kwa makula kwa sababu ya umri. Tumechagua zile zenye maswali yanayojirudia.

Tusubiri mavuno kwanza?

"Shikamooni. Bibi yangu ana miaka 74, naishi naye Tanga. Wiki iliyopita daktari wa macho alisema macho yote mawili yana ugonjwa wa makula: la kushoto aina kavu, la kulia aina ya majimaji, na la kulia lichomwe sindano upesi. Mjomba anasema tuvune mahindi kwanza, kama miezi miwili hivi, maana bibi mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Na kusema kweli sindano ndani ya jicho inatutisha sote. Je, atapofuka?" Mjukuu, Tanga

Marahaba, mjukuu. Tuanze na la mjomba: msisubiri mavuno. Miezi miwili kwa jicho la kulia la bibi ni mingi mno.

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, retina, na katikati ya retina kuna eneo lenye upana wa milimita 5 hivi liitwalo makula. Kieneo hicho ndicho kinachosoma, kinachotia uzi kwenye tundu la sindano, kinachotambua sura ya mtu. Retina iliyobaki huona pembeni: ukuta, mlango, mtu anayepita. Katika aina kavu, taka za mafuta na protini hurundikana chini ya makula kwa miaka mingi, na daktari akipanua mboni kwa matone huziona kama vijidoa vya manjano. Chembe za makula huchakaa polepole. Wagonjwa wengi, takribani 9 kati ya 10, wana aina hii. Katika aina ya majimaji, mishipa mipya na dhaifu ya damu huota chini ya makula na kuvuja. Hapo uono unaweza kuharibika ndani ya wiki chache, mara nyingine siku chache, na kovu likishakaa hakuna sindano inayoliondoa. Bibi hasikii maumivu kwa sababu retina haina neva za maumivu. Jicho linaweza kuwa linavuja damu ndani naye akajiona mzima. Nchini Uingereza mwongozo wa kitaifa unataka sindano ya kwanza itolewe ndani ya siku 14 tangu rufaa. Huo ndio muda wa kumwonyesha mjomba.

Kupofuka kwa maana ya giza totoro, hapana. Ugonjwa huu wenyewe hauli pembeni. Unaweza kumnyima kusoma, kushona na kuona nyuso, lakini atabaki na uono wa kutembea ndani ya nyumba yake na kuona kwamba kuna mtu mlangoni.

Sindano yenyewe inatisha kuisikia kuliko kuchomwa. Jicho hutiwa matone ya ganzi, husafishwa kwa dawa ya ayodini, kope hushikwa wazi kwa kifaa kidogo, kisha sindano nyembamba huingia kwenye sehemu nyeupe, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Bibi hataiona ikija mbele ya mboni. Kuchoma ni sekunde chache. Maandalizi ndiyo marefu. Dawa hizi huzuia kichocheo kinachoiotesha mishipa. Iliyo nafuu zaidi ni bevasizumabu, ambayo wengi huijua kwa jina la Avastin. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na dozi ya jicho ni miligramu 1.25 tu katika mililita 0.05, hivyo chupa moja hugawiwa wagonjwa wengi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 uliilinganisha na Lucentis, dawa ya kazi hiyohiyo ambayo bei yake ni kubwa mno, na matokeo ya uono yakawa karibu sawa. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hatari yake ipo kwenye ugawaji: chupa ikigawiwa mahali pasipo safi, vijidudu huingia machoni mwa watu wengi kwa mkupuo mmoja. Ulizeni bila haya: "Dawa hii inagawiwa wapi, na nani, na hukaa muda gani kabla ya kuchomwa?"

Jambo linaloangusha familia nyingi ni kudhani sindano ni moja. Kwa kawaida huanza tatu, moja kila mwezi, kisha daktari hupiga picha ya retina iitwayo OCT na kuanza kurefusha nafasi kidogo kidogo: wiki 6, 8, 10, kadiri jicho linavyobaki kavu. Matibabu huenda kwa miaka. Kwa hiyo hesabu ya nauli na dawa ipigwe kwa mwaka mzima, na ndugu wagawane miezi badala ya kuchanga mara moja kwa kishindo na kuishiwa kwenye sindano ya tatu. Baadhi ya hospitali hukusanya wagonjwa siku moja ili chupa iliyofunguliwa isipotee. Ukikosa siku hiyo, huenda ukangoja kundi lijalo. Sio kila hospitali yenye daktari wa macho ina mtaalamu wa retina. Tanzania huduma hizi zipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam na KCMC Moshi. Pigeni simu kabla ya kupanda basi, muulize mambo matatu: mtaalamu yupo siku gani, dawa ipo, na bima ya bibi inagharimia nini.

Mtarajie nini? Katika majaribio makubwa, takribani wagonjwa 9 kati ya 10 waliochomwa kwa ratiba hawakupoteza uono zaidi kwa kiwango kikubwa, na karibu theluthi waliona nafuu ya wazi. Walioacha katikati hawamo katika hesabu hiyo njema.

Kabla ya kuchomwa, mwambieni daktari kama bibi amewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo karibuni, kama jicho linatoa uchafu, na kama ayodini humdhuru. Baada ya kuchomwa, ni kawaida jicho kuwasha siku hiyo, kuwa na doa jekundu la damu kwenye weupe, na kuona viputo vyeusi vikielea kwa siku moja au mbili. Maji ya bomba yasiingie jichoni kwa siku 3 hivi. Kama bibi anatawadha, afumbe jicho hilo na kupangusa uso kwa uangalifu, na kwa hukumu ya mgonjwa amuulize imamu wake. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likizidi kuwa jekundu, mwanga ukimchoma, au uono ukishuka ndani ya wiki ya kwanza, rudini hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili usiku. Hayo yanaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho. Hutokea chini ya mara 1 katika kila sindano 1,000, ila yakicheleweshwa kwa siku mbili jicho linaweza kwenda moja kwa moja.

Na jicho la kushoto, lile kavu, msilisahau. Aina kavu inaweza kugeuka ya majimaji wakati wowote. Chukua karatasi, chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, uugawe kwa mistari kila milimita 5 upate vijisanduku 20 kwa 20, weka nukta nzito katikati. Bandika ukutani mahali penye mwanga, usawa wa macho. Kila asubuhi bibi avae miwani yake ya kusomea, akae sentimita 30 kutoka kwenye karatasi, azibe jicho moja, aangalie nukta tu. Mistari yote imenyooka? Kuna mahali pamepinda, pamefutika, pamekuwa na kivuli? Kisha jicho la pili. Kosa la kila siku ni kupima kwa macho mawili wazi: jicho zima humfichia mwenzake, na mtu huweza kukaa miezi bila kujua jicho moja limeharibika. Siku akiwa safarini, nondo za dirisha zinatosha. Mtu anayeona nondo zimejipinda ghafla asingoje tarehe yake ya kliniki.

Hakuna dawa, au ipo kwa muuzaji?

"Baba ana miaka 70. Ameambiwa ana aina kavu, kiwango cha kati, na hospitali wamesema hakuna dawa. Sasa kuna mtu anatuuzia vidonge vya virutubisho kwa bei kubwa, anasema vitarudisha macho ndani ya miezi mitatu. Mwingine anatuambia asali mbichi jichoni. Baba anavuta sigara tangu ujana." Mtoto wa kiume, Moshi

Hakuna kidonge kinachorudisha kilichokufa kwenye makula. Anayeahidi hivyo anauza uongo, hata akivaa koti jeupe.

Ila kuna mchanganyiko mmoja uliopimwa kwa uaminifu, na kwa baba yako, mwenye kiwango cha kati, unafaa kuzungumzwa na daktari. Matokeo yake makuu yalitolewa mwaka 2013. Dozi ya siku ni vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, luteini miligramu 10, zeazanthini miligramu 2, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2. Unapunguza kwa takribani robo uwezekano wa ugonjwa kufika hatua ya juu ndani ya miaka 5. Haurudishi uono, haumsaidii mwenye dalili za mwanzo kabisa, wala haumkingi asiyeumwa. Geuza chupa ya huyo muuzaji usome kiasi. Nyingi zina majina yaleyale ya virutubisho kwa dozi ndogo mno. Shaba isikosekane, kwa kuwa zinki nyingi huizuia mwilini na mtu akapungukiwa damu. Na kwa mvutaji, au aliyewahi kuvuta, angalia kwa makini neno beta-karotini: mchanganyiko wa kwanza ulikuwa nayo, ikaondolewa kwa sababu inaongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji. Vidonge vya zamani bado viko madukani. Avimeze pamoja na chakula, maana zinki hukoroga tumbo, na kama anatumia wafarini ya kuyeyusha damu, daktari ajue kwanza kuhusu vitamini E.

Kama pesa ni ya kuchagua, basi kwanza sigara. Kuvuta ndiyo sababu kubwa kuliko zote ambayo mtu anaweza kuiondoa mwenyewe, na kuacha kunasaidia hata akiwa na miaka 70. Kisha presha ya damu ikae chini. Kisha sahani: mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu, mayai, samaki. Luteini ipo kwa wingi kwenye majani ya kijani kibichi kuliko kwenye karoti, na huingia mwilini vizuri yakipikwa na mafuta kidogo.

Marekani zimeidhinishwa mwaka 2023 sindano mbili za aina kavu iliyofika hatua ya mwisho. Zinapunguza kasi tu, hazirudishi kitu, na baba yako hajafika huko.

Asali jichoni, hapana. Wala maziwa ya mama, wala maji ya mmea wowote. Ugonjwa uko nyuma ya jicho. Unachotia mbele kinakutana na kioo cha jicho, na vidonda vya kioo huacha kovu jeupe. Mzee aliyepoteza katikati akaja kupata kovu mbele amepoteza na pembeni pia.

Ameokota sindano, vipi haoni uso wangu?

"Mavyaa wangu twaishi naye Mombasa. Asema hanioni uso, na mara mbili nimempa salamu akanipita kama hanijui. Lakini juzi sindano ilianguka kwenye busati, yeye ndiye aliyeiona! Mume wangu asema mamake aigiza apate kuhurumiwa." Mke wa mtoto wake, Mombasa

Haigizi, dada. Umeeleza ugonjwa wenyewe ulivyo. Sindano ilikuwa pembeni mwa uono wake, ikameta, akaiona. Angegeuza macho kuiangalia sawasawa, ingepotea. Uso wako anapouangalia moja kwa moja unaangukia palepale palipoharibika: anaona buibui ulilovaa, anaona bega, anaona mwendo, lakini mahali pa uso pana ukungu.

Kwetu salamu ni heshima ya mtu, na hapa ndipo ugonjwa huu unapowaumiza wazee kuliko kwenye kusoma. Anapita mtaani, jirani anamtikisia kichwa, hajibu. Kesho anaambiwa ana kiburi. Wengi huacha kutoka, kisha huzuni inaanza. Dawa iko mdomoni mwenu. Msimtikisie kichwa wala kumpungia mkono, na msimpe mtihani wa "nitambue mimi nani". Semeni jina kwanza: "Shikamoo mama, ni mimi Mwanaisha." Mkiondoka chumbani, semeni pia kwamba mnatoka, asibaki akizungumza na kiti. Waambieni majirani, mwenye duka na watu wa msikitini au kanisani kwamba macho yake yameharibika katikati.

Anaweza pia kujifunza kutumia pembeni kwa makusudi. Chora duara kubwa kama saa ya ukutani, nyota nyeusi katikati, na namba 12, 3, 6 na 9. Azibe jicho dhaifu. Aangalie 12, akueleze nyota inaonekanaje. Kisha 3, 6, 9 na nafasi zilizo kati yake. Kuna upande mmoja ambao nyota itatokea wazi zaidi. Huo ndio upande wake, na autumie huohuo siku zote: kwenye uso wako, kwenye sahani, kwenye namba ya nyumba. Afanye mazoezi dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Mwanzoni jicho litakimbilia katikati kwa mazoea ya miaka sabini, naye atachoka. Na mumeo ajue hili: mama akizungumza naye huku anaangalia sikio lake au juu ya kichwa chake, ndipo anapomwona mwanawe vizuri.

Mimi je?

"Mama anao. Nina miaka 48. Nitaupata?" Msomaji, Nakuru

Uwezekano wako ni mkubwa kuliko wa mtu asiye na ndugu mwenye ugonjwa huu, lakini si lazima. Usivute sigara, na ukifika 50 anza kupimwa macho kwa kupanuliwa mboni kila mwaka au miwili.

Mtoto wa jicho pia yupo

"Babu ana makula na mtoto wa jicho. Akifanyiwa upasuaji ataona?" Msomaji, Iringa

Ataona mwanga zaidi, rangi zitang'aa na pembeni patasafika, jambo ambalo kwa mtu wa makula ni kubwa. Katikati hapatarudi, naye aambiwe hivyo kabla, asije akadhani upasuaji umeharibika. Kama jicho lina majimaji, kwanza likaushwe.

Bibi hataki kuachia jiko

"Bibi ana miaka 78, ana aina kavu macho yote. Anapika kwa gesi na bado anataka kusoma Biblia yake. Tumemnunulia lenzi kubwa sokoni, anasema haimsaidii. Tumzuie kupika?" Mjukuu, Dodoma

Msimzuie. Pangeni jiko upya.

Anzeni na mwanga, maana ndio wenye faida kubwa kwa pesa ndogo. Makula iliyochakaa inahitaji mwanga mwingi, na mwanga hupungua haraka kwa umbali: taa iliyo sentimita 60 kutoka kwenye kitabu ikisogezwa hadi sentimita 30, kitabu kinapata mwanga mara 4. Kwa hiyo msikimbilie balbu kubwa ya dari. Taa ya mezani yenye shingo ya kupinda na balbu ya LED ya wati 9 au 10, iwe ubavuni, kifuniko chake kikiuzuia mwanga usimpige machoni. Muwe na taa ya kuchaji kwa siku umeme unapokatika. Nje kinyume chake: jua kali linamfuta kila kitu, kofia ya ukingo mpana na miwani yenye rangi ya njano au kahawia humsaidia. Anapotoka juani kuingia ndani, macho yake huchukua muda kuzoea, muda mrefu kuliko yenu. Asimame mlangoni ameshika ukuta dakika moja au zaidi. Wazee wengi huanguka hapo kizingitini.

Kisha rangi. Macho haya hayatofautishi vitu vyenye rangi zinazokaribiana. Ugali au wali kwenye sahani nyeupe hauonekani unapoishia. Uwekeni kwenye sahani ya buluu au nyekundu. Chai ya rangi kwenye kikombe cheupe, maziwa na uji kwenye kikombe cha rangi nzito. Kitunguu kikatiwe kwenye ubao mweusi au wa kahawia, mchicha kwenye ubao mweupe. Ukingo wa kila ngazi upakwe mstari wa rangi ya njano wa sentimita 5. Zulia dogo linaloteleza liondoke.

Kwenye jiko la gesi, tia tone la rangi ya kucha, nyekundu au nyeupe kulingana na jiko, mahali kitufe kinapokuwa kimezimwa. Likikauka atalisikia kwa kidole. Akitumia kiberiti: awashe kiberiti kwanza, afungue gesi baadaye, kamwe kinyume chake. Mtandio na ncha za khanga zifungwe nyuma, kwa kuwa moto wa buluu mchana hatauona. Mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda au ya mafuta ya kula, wala jikoni. Gundi ya supaglu isikae karibu na dawa za macho: vichupa vyake vinafanana, na watu wameshajitia gundi jichoni. Vidonge vya asubuhi vifungwe mpira mmoja, vya jioni mipira miwili. Kuchambua mawe kwenye mchele mwachieni mjukuu mwenye macho makali. Kukuna nazi, kumenya viazi na kukanda unga ni kazi za mikono, ziwe zake kama zamani. Kila kitu kirudi mahali pake. Ukihamisha kopo la chumvi umemzimia taa.

Sasa lenzi. Kosa lenu ni la wengi: lenzi kubwa ni lenzi dhaifu. Kadiri lenzi inavyokuza, ndivyo inavyokuwa ndogo na ndivyo inavyokaa karibu na maandishi. Nguvu yake huandikwa kwa dayopta. Gawanya kwa 4 upate inakuza mara ngapi. Ya dayopta 8 hukuza mara 2 na hukaa kama sentimita 12 kutoka kwenye karatasi. Ya dayopta 20 hukuza mara 5 na hukaa sentimita 5 tu. Namna ya kuitumia: iwekwe juu ya ukurasa, inyanyuliwe polepole mpaka herufi ziwe kubwa na safi, kisha jicho lisogee karibu na lenzi, miwani ya kusomea ikiwa imevuliwa au imevaliwa kama alivyoelekezwa na mtaalamu. Halafu kitabu ndicho kisogezwe, si kichwa. Akiishika mbali na jicho ataona herufi mbili tatu tu. Mikono ikitetemeka, lenzi yenye miguu inayosimama juu ya karatasi ni bora. Mpelekeni kliniki ya uoni hafifu apimiwe kabla ya kununua nyingine. Na siku macho yakichoka, Biblia ya kusikiliza kwenye simu ni Biblia ileile.

Televisheni akae mita 1 badala ya 3: picha inakuwa kubwa mara 3, na haiharibu macho.

Babu anaona watoto ambao hawapo

"Tangu macho ya babu yaharibike anaona watoto wadogo waliovaa sare wamekaa kwenye kochi, na maua ukutani. Hawasemi. Yeye mwenyewe anajua hawapo, lakini shangazi anataka kuleta mganga, wengine wanasema amerukwa na akili." Mjukuu, Morogoro

Babu hajarukwa na akili, na wala hajavamiwa. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia picha imezoea kupokea habari kutoka kwenye makula. Habari zikikatika, inatengeneza zake. Hali hii imepewa jina la Charles Bonnet, mwanazuoni wa Geneva aliyeandika mwaka 1760 kuhusu babu yake mwenyewe, mzee aliyekuwa na akili timamu na macho mabovu, akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Picha huwa kimya, zenye rangi na maelezo mengi, mara nyingi watu wadogo, nyuso, au mapambo yanayojirudia kama ya khanga. Wazee wengi hunyamaza kwa kuogopa kuitwa wachawi au vichaa. Babu yako amekuamini, jambo hilo ni zuri. Muulize leo ameona nini, kwa sauti ya kawaida.

Picha zikija, awashe taa au asogee penye mwanga, kwani hupenda kuja jioni na mtu anapokaa kimya. Apepese macho. Au kichwa kitulie, macho yaende kushoto na kulia kwa nusu dakika. Au anyooshe mkono kuwagusa. Mara nyingi hutoweka. Kwa wengi hupungua miezi inavyopita. Dua haikatazwi na mtu. Mganga atakayechanja au kumtia kitu machoni, hapana.

Ila mambo haya yampeleke hospitali: picha zikianza kuzungumza au kumwamrisha, akianza kuziamini, akichanganyikiwa siku na mahali, akiwa na homa, au zikiwa zimeanza baada ya kubadilishiwa dawa. Hapo kuna jambo jingine.

Pesa zinapotea

"Niko Muscat kikazi. Namtumia mama pesa kwa simu, Zanzibar. Tangu aambiwe ana makula, wakala ndiye anamwandikia namba ya siri, na hesabu hazilingani. Pia nataka kumnunulia vifaa huku." Mtoto wake, Muscat

Namba ya siri ibadilishwe leo, tena kwa mkono wa mama mwenyewe. Mnunulie simu ya vitufe vikubwa. Kitufe cha 5 kina kinundu: 2 iko juu yake, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia, na 0 chini ya 8. Afanye mazoezi ya kubonyeza macho yamefumbwa, simu ikiwa imezimwa, mpaka vidole vizoee. Chagueni namba ambayo vidole vinaikumbuka kwa mwendo, isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Kabla ya kutuma, mpigie umtajie kiasi. Baada ya kutoa, akupigie akutajie alichopokea. Wakala ajue kwamba simu hiyo inapigwa mbele yake. Kama anapendelea simu janja, kwenye mipangilio ya ufikivu kuna ukuzaji wa skrini na msomaji anayesoma ujumbe kwa sauti. Na wewe mtumie ujumbe wa sauti badala ya kumwandikia.

Noti azikunje kwa utaratibu mmoja asioubadilisha: ya 1,000 isikunjwe, ya 2,000 ikunjwe mara moja kwa upana, ya 5,000 mara mbili, ya 10,000 kwa urefu. Akipewa chenji aikunje palepale dukani, noti moja moja, mwenye duka akiitaja kwa sauti.

Vifaa: taa ya kuchaji yenye shingo ya kupinda nunua sasa. Lenzi ngoja. Mwambie ndugu aliye Zanzibar ampeleke mama apimwe, akutumie picha ya karatasi yenye dayopta alizoandikiwa, ndipo uingie dukani na namba hiyo mkononi utafute yenye taa yake ndani. Nunua na betri za akiba.